Boti Yenye Homa

Mkono bado uko pale pale, msomaji. Wiki nzima wewe umekula, umelala na umegombana na jirani, lakini Sista hajauondoa mkono wake juu ya ile injini.

Aliugeuza, akaweka upande wa nyuma wa kiganja, kama anavyopima paji la uso la mtoto. Joto lilimpanda mpaka kwenye kifundo.

"Umesema haijawashwa tangu lini?" akauliza.

"Miezi mitatu, mama," Dalali akajibu. "Mwenyewe yuko safarini. Imelala tu hapa bandani, maskini."

"Basi imelala na homa."

Kwa yule aliyefungiwa misumari dukani na gazeti la wiki jana, habari kwa kifupi ni hii. Nyumba ya Mama imeuzwa. Mama mwenyewe yuko kwenye chumba cha kupanga, bafu anachangia na wapangaji sita. Pesa za nyumba zimekuja nchi ya watu pamoja na wanawe wawili, kununua boti ya kuvusha abiria, na nauli za boti hiyo ndizo zitakazomjengea Mama nyumba nyingine, kubwa kuliko ile. Wazo hili tamu lilitoka kichwani kwa mwanawe wa kwanza, ambaye mtaa mzima unamwita Mtaalamu. Alifundisha watu udereva miaka kumi na minane bila kumiliki hata toroli, na tangu astaafu hakuna jambo duniani ambalo hana maoni nalo.

Sista ni mdogo wake, muuguzi wa chumba cha upasuaji. Amekuja kwa sababu Mama alisema bila yeye hatoi hata senti.

Na Dalali? Dalali walimpata kwa simu. Kilichowamaliza ni kwamba alizungumza Kiswahili safi, akauliza hali ya wazee, akawapa pole ya safari kabla hawajasafiri. Mtu akiwa ugenini akasikia lugha ya nyumbani, husahau kufunga mkoba.

"Ni jua, mama," Dalali akasema sasa. "Jua la huku usilione hivi, ni kali."

Sista akainua macho. Juu yao kulikuwa na paa la bati, na juu ya bati manyunyu yalikuwa yakigonga tangu walipoingia.

"Jua lipi?"

Kabla Dalali hajatunga jingine, Mtaalamu akamwokoa. "Injini za kisasa hutunza joto," alisema. "Hilo ni jambo la kawaida."

"Kwa miezi mitatu, Kaka?"

"Inategemea aina."

Dalali akainamisha kichwa kwa heshima. "Raha ya kufanya kazi na mtu anayejua," alisema, na kifua cha Mtaalamu kikapanda mpaka vifungo vya shati vikaomba msaada.

Sista hakuwa na elimu ya injini, lakini alikuwa na elimu ya jenereta moja. Hospitalini kwao fundi huliwasha kila Jumatatu asubuhi, likiwa baridi. Siku moja alimwuliza kwa nini asilipashe kidogo kwanza. Fundi akamcheka. Injini ya moto, alimwambia, huwaka hata ikiwa inakufa. Ukitaka kuijua, iamshe usingizini. Umeme ukikatika na tumbo la mgonjwa liko wazi, nani atakuja kuipasha?

Kwa hiyo kuna mtu alikuja hapa asubuhi, akaiwasha hii injini, akahangaika nayo kwa muda mrefu, kisha akaizima na kujifuta mikono kabla wageni hawajafika.

"Tutarudi kesho asubuhi," Sista akasema. "Bila miadi. Tutaiwasha ikiwa baridi."

Dalali akatazama saa yake. Alikuwa na namna ya kutazama saa ambayo ilimfanya mtu mwingine aone amechelewa.

"Kesho ni yako, mama. Ila saa kumi jioni ya leo wanakuja watu wa kampuni ya uvuvi, na pesa taslimu. Nimewazuia tangu juzi kwa ajili yenu tu. Damu nzito kuliko maji."

Mtaalamu alimshika mdogo wake mkono, akamvutia nyuma ya mapipa ya rangi.

"Unanidhalilisha," alinong'ona. "Mimi nimeshamwambia huyu mtu kwamba mimi ndiye kichwa cha msafara."

"Injini ni ya moto, Kaka."

"Wewe mambo yako sindano. Injini niachie mimi."

"Umewahi kuendesha boti?"

"Usukani ni usukani."

Sista akamtazama. Walilelewa nyumba moja, walikula sahani moja, na bado kuna siku alijiuliza kama huyu mtu hakubadilishwa wodini. Lakini alijua pia kwamba akimpinga hapa mbele ya watu, atanunua boti hiyo kwa hasira, na ataongeza bei ili kuonyesha uwezo.

Akarudi kwa Dalali.

"Sawa. Tununue leo."

Mtaalamu akatabasamu. Dalali akatabasamu zaidi.

"Lakini pesa haziji kwako. Zinakaa kwa mtu wa tatu, wakili, kama amana. Tukishaijaribu ikiwa baridi, tukapata na hati kwamba haidaiwi na benki wala na mabaharia wake wa zamani, ndipo yeye akupe. Tusiporidhika, anaturudishia."

Alikuwa amejiandaa kwa vita. Alishasikia kwamba hapo ndipo matapeli hukunja sura, huapa kwa jina la mama zao, na mwisho huondoka. Dalali hakukunja chochote.

"Mama, ungekuwa binti yangu ningekusomesha sheria," alisema. "Wanunuzi wote wangekuwa kama wewe nisingekuwa na mvi. Kuna wakili hapo ng'ambo ya barabara. Ila nakuonya, ni mkali. Mimi mwenyewe simpendi."

Msomaji mwenye akili ameshaguna. Sista hakuguna. Alikuwa ameshinda, na mtu akishashinda masikio huziba.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu. Mlangoni palikuwa na kibao chenye picha ya mizani. Ndani kulikuwa na meza, kabati la chuma, vitabu vinene vya rangi moja, na harufu ya mafuta ya karafuu iliyomkumbusha Sista kliniki ya meno. Akaipuuza. Watu wana manukato yao.

Wakili alikuwa mwembamba, mwenye miwani, na hakuwasalimia. Alimwangalia Dalali kama mtu aliyekuta kitu kimekwama kwenye soli ya kiatu.

"Wewe toka," alimwambia kwa Kiingereza cha taratibu, kila neno likisikika. "Nazungumza na wanunuzi peke yao."

"Lakini, mheshimiwa..."

"Nje. Ni watu kama wewe mnaowaharibia wageni."

Dalali akafyata mkia, akatoka. Moyo wa Sista ukalainika. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akimtafuta. Alimkumbusha yule daktari bingwa wa kwao ambaye hashiki kisu mpaka vifaa vyote vimehesabiwa kwa sauti, na Sista alikuwa na udhaifu wa siku nyingi kwa watu wa utaratibu.

Wakili aliomba pasipoti zao, akazikagua ukurasa kwa ukurasa, akaziweka mbele yake. Aliuliza nambari ya injini. Aliuliza nani mmiliki. Alisema pesa zitakaa kwake hata mwaka mzima kama hati haijaletwa, na kwamba dalali akimpigia simu kulalamika atakata.

"Umesikia?" Sista akamwambia kaka yake kwa Kiswahili. "Hivi ndivyo watu wanavyolinda pesa."

"Nilikuwa nakaribia kupendekeza hivyo hivyo," Mtaalamu akasema.

Sista akatoa simu, akampigia Mama.

"Mama, tumemaliza. Pesa hazigusi mkono wa dalali. Zinakaa kwa wakili."

"Huyo wakili umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona. Amemfukuza dalali mbele yetu."

Upande wa pili kulisikika ndoo ikiburutwa, na mwanamke mwingine akiuliza nani anafuata.

"Kama wewe umesema, mwanangu, mimi sina neno," Mama akasema. "Kaka yako ningemwuliza mara tatu. Mimi nataka tu, kabla sijafa, nioge bila kupanga foleni. Haya, zamu yangu inapita."

Sista akakata simu akiwa amefurahi kweli. Wakili alikuwa ameshaandika namba ya akaunti kwenye karatasi. Mtaalamu akavaa miwani yake ya kusomea, akaishika simu yenye akaunti ya familia kwa mikono miwili, akaanza kubonyeza kwa kidole kimoja.

"Nakwenda chooni," Sista akasema. "Usitume mpaka nirudi tuhakiki namba pamoja."

"Nenda, nenda. Mimi si mtoto."

Ukumbini palikuwa na mfanyakazi wa usafi, mama wa makamo mwenye glavu za njano, akisukuma ndoo kwa mguu. Kwapani alikuwa amebana vibao vitatu. Sista alimpisha, akatupa jicho tu. Cha kwanza kilikuwa na picha ya jino. Cha pili kilikuwa na pete mbili zilizoshikana. Cha tatu kilikuwa na nyumba na ufunguo.

Alipiga hatua mbili zaidi. Kisha ile harufu ya karafuu ikamrudia puani, na miguu ikasimama yenyewe.

"Samahani," alisema kwa Kiingereza. "Hilo jino ni la wapi?"

Yule mama akaonyesha kwa kidevu mlango wa wakili. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini kilitosha.

"Pale. Saa kumi, jino. Sasa hivi, mizani."

"Ofisi moja?"

"Chumba cha kukodi. Kwa saa. Jumatatu pete, watu wa kupatanisha ndoa. Huyu wa mizani amelipa saa mbili tu leo."

"Amelipa leo?"

"Jana. Analipaga siku moja kabla." Yule mama akashusha ndoo, akapunguza sauti, kwa kuwa umbea hauna mipaka ya nchi. "Afadhali mmekuja wawili. Jumanne alileta watu watano. Walirudi kesho yake wakamkosa, wakalia hapa hapa ukumbini, nikachelewa kupiga deki."

Jana. Jana Sista alikuwa bado kwenye ndege, na lile wazo la mtu wa tatu alilojivunia kule bandani lilikuwa limeshalipiwa chumba. Mjinga hutegwa kwa bei rahisi, lakini mwerevu hutegwa kwa utaratibu, na hawa jamaa walikuwa na bidhaa za aina zote mbili. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Si Mtaalamu aliyemwambia Mama kwamba pesa ziko salama. Ni yeye, kwa mdomo wake, na Mama akaamini kwa sababu ni yeye.

Hakukimbia. Chumba cha upasuaji kilimfundisha kutokimbia. Alitembea haraka, akafungua mlango.

Dalali alikuwa ndani, amejipenyeza Sista alipogeuza mgongo tu. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa meza ya yule wakili asiyempenda, akinywa maji ya wakili kwenye glasi ya wakili. Alipomwona Sista, akasimama upesi na kurudisha ile sura ya aliyefukuzwa, ila alichelewa kidogo.

Mtaalamu alikuwa anatokwa jasho.

"Afadhali umekuja," alisema. "Ile namba ya siri tuliyoweka pale benki, nani anaikumbuka? Nimekosea mara mbili. Ya tatu ikikataa inajifunga, mpaka twende wenyewe na vitambulisho."

Sista akaitazama simu, kisha zile pasipoti mbili, ambazo Wakili alikuwa ameziwekea kiganja juu. Akawatazama wanaume wawili waliokuwa kati yake na kaka yake. Kupiga kelele kungesaidia nini? Na kumwambia Mtaalamu ukweli kungekuwa hasara kubwa zaidi, maana angeanza kueleza kwamba mawakili wa kisasa hukodi vyumba, na inategemea aina.

Namba aliikumbuka. Ilikuwa tarehe aliyofariki Baba, na hakuna siku aliyowahi kuisahau.

"Ni mwaka aliozaliwa Mama," akasema.

"Mbona nilidhani..."

"Umesahau mwaka wa mama yako, Kaka? Mbele za watu?"

Miaka ishirini na miwili kazini hakuwahi kutaja hesabu ya uongo. Pamba kumi zikiingia tumboni, alisema kumi, hata daktari akiwa na haraka, hata akifokewa. Sasa alitaja tarakimu nne za uongo, moja baada ya nyingine, kwa sauti ile ile ya kazini, na kaka yake akazifuata kwa kidole chake kimoja.

Simu ikatoa mlio mfupi.

Dalali alisoma kwa juu ya bega la Mtaalamu. Kwa kuwa alijua Kiswahili kizuri, hakuhitaji mkalimani. Akaunti imefungwa. Fika tawini ukiwa na kitambulisho.

Sista alitamani kukaa sakafuni acheke na kulia kwa pamoja. Nyumba ya Mama ilikuwa imefungiwa mahali ambapo hata yeye hawezi kuifikia, na hapakuwa na mahali salama kuliko hapo.

"Jaribu tena," Dalali akasema. Ule upole ulikuwa umekwisha.

"Haikubali," Mtaalamu akajibu kwa unyonge.

"Basi hamna namna," Sista akasema. "Tunarudi nyumbani, tunafungua, tunatuma. Pasipoti zetu, tafadhali."

Wakili hakuinua kiganja. Alimwangalia Dalali. Dalali akauangalia mlango, kisha akaanza kuusogelea, polepole, mkono ukielekea kwenye kitasa.

Kitasa kikageuka chenyewe. Mlango ukafunguliwa na yule mama wa glavu za njano, na nyuma yake akaingia mzee mmoja mwenye shavu lililovimba mpaka jicho likafumba. Yule mama akachomoa kibao cha mizani, akabandika cha jino. Mzee hakuuliza kitu. Akakaa kwenye kiti cha wateja mbele ya Wakili, akarudisha kichwa nyuma na kufungua mdomo.

"Saa kumi," yule mama akasema.

Wakili akautazama ule mdomo uliokuwa ukimngoja. Katika maisha yake ya udanganyifu alikuwa amejiandaa kwa polisi, kwa wateja wenye hasira, hata kwa mkewe, lakini hakuwa amejiandaa kwa jino. Kiganja kikanyanyuka. Sista akazinyakua pasipoti, akamshika kaka yake mkono wa shati, akamburuta mpaka mlangoni.

Angefika ukumbini, msomaji. Zilibaki hatua mbili. Wangeteremka ngazi, wangepanda ndege, na mimi leo ningekuwa nimeweka nukta ya mwisho ya hadithi hii.

Lakini Mtaalamu aliona haya. Aliona wale waungwana wamebaki mikono mitupu, wakidhani labda hana pesa, labda ni mbabaishaji. Hilo hakuweza kulivumilia. Akakwama mlangoni kama kabati, akageuka.

"Msiwe na wasiwasi, ndugu zangu," alisema. "Boti msiwape wale wa uvuvi. Ile robo niliyotuma mwezi uliopita si bado mnayo?"

Tabasamu la Dalali likarudi taratibu, moja kwa moja mpaka kwenye magego.

"Tunayo, bosi. Iko salama kabisa."

Sista akauachia ule mkono wa shati.

Pesa za nyumba zilikuwa zote kwenye akaunti. Alizikagua mwenyewe kabla ya safari, na zilikuwa sawasawa na bei ambayo Kaka alisema nyumba imeuzwa, hakuna hata senti iliyopungua. Kaka ndiye aliyetafuta mnunuzi. Kaka ndiye aliyekwenda peke yake kupokea.

"Kaka," akasema. "Robo ya nini?"

Mtaalamu alifungua mdomo. Yule mgonjwa naye alikuwa amefungua wake, na kwa muda wakawa wawili.

"Nyumba ilipata bei nzuri kidogo," alisema mwishowe. "Zaidi kidogo ya ile niliyowaambia. Hiyo ziada ndiyo robo ya bei ya boti niliyotanguliza. Nilitaka iwe mshangao."

"Mama anajua?"

Aliangalia viatu vyake, mtu mzima wa miaka sitini na mbili, na Sista akaona kwamba kweli huyu hakubadilishwa wodini. Hivi ndivyo alivyokuwa akisimama utotoni, sufuria ikikutwa tupu.

Sista hakumfokea. Alitoa simu yake, akatafuta jina, akabonyeza, akamwekea kaka yake sikioni na kuishikilia pale asiweze kuiondoa.

"Sasa mwambie," akasema.

Simu iliita mara moja tu. Mama alikuwa ameishika mkononi, bado ana taulo begani.

"Haloo, Sista? Nimeshaoga. Nimemwambia na mwenye nyumba kwamba mwisho wa mwaka natoka. Haya niambie, mwanangu, zimefika?"